Nyumba ya Nyuma ya Besi

Maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia sebuleni kwa Mwavita bila kupiga hodi, na tangu yaingie hayakuonyesha dalili yoyote ya kuaga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini maji ya ziwa ukiyapa jembe yanaondoka nalo, na sufuria juu yake. Vitanda vilikuwa vimepandishwa juu ya matofali. Kuku walikuwa wamehamia juu ya kabati, na huko juu waliwatazama binadamu kwa dharau, maana katika nyumba ile ni wao tu waliolala pakavu. Bibi Cikuru, mama mkwe wa Mwavita, alikohoa mchana kutwa kwa sababu ya unyevu. Na mtoto Schékinah, aliyekuwa ndiyo kwanza anataka kutambaa, hakuwa na pa kutambalia.

Katikati ya gharika hiyo, mume wa Mwavita, bwana Hyacinthe, alikuwa ameketi kitini, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu majini, anachora ramani ya bafle, yale masanduku ya spika.

Si bafle za kwake. Kwake hata redio ilishakufa kwa ukungu. Zilikuwa bafle za hekalu jipya, jengo ambalo kanisa lao lilikuwa limelisimamisha juu kidogo ya mji wa Rumonge, mbali na ziwa, jengo la kumeza watu elfu mbili na kubaki na njaa. Waumini wengi walikuwa watu waliovuka kutoka Kivu ya Kusini kama wao, wavuvi na wachuuzi, na jengo walilijenga kwa kujinyima hadi mboga. Hyacinthe ndiye aliyekuwa mtu wa sono, yaani wa mitambo ya sauti, kazi aliyoifanya kwa ajili ya Bwana. Kazi ya Bwana, Mwavita alikuwa akipenda kusema, ina mshahara mnono sana, ila ofisi ya kulipia iko mbinguni.

Safari hii, lakini, Bwana alikuwa ameahidi kitu cha hapa duniani. Kamati ya ujenzi ilikuwa imetangaza mbele ya watu kwamba atakayepanga sono ya siku ya kufungua hekalu, kamati ikiridhika, atawekwa kuwa mlinzi wa mitambo, na atapewa ile nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa mgongoni mwa madhabahu, ukuta mmoja na kanisa. Nyumba kavu. Bati jipya, sakafu ya saruji, na mlima chini yake, ziwa likiitaka itabidi lipande. Tangu watu wa ufukweni waanze kukimbia maji, kodi za nyumba za juu zilikuwa zimepanda kuliko maji yenyewe, kwa hiyo familia ya Hyacinthe ilikuwa na njia mbili tu: nyumba ile ya nyuma ya madhabahu, au kuendelea kuishi na samaki.

"Mama Schékinah, njo uone," aliita Hyacinthe. "Besi ni mawimbi. Angalia."

Akachota kokwa za mawese kikapuni, akaangusha moja majini, kando ya kitanda cha mama yake. Duara zikatanuka hadi kwenye matofali. "Hii ni besi moja. Sasa ninaangusha mbili, pahali pamoja." Akaziangusha. Wimbi likaja kubwa zaidi, likamlowesha Mwavita kitenge. "Umeona? Zinasaidiana. Lakini nikiangusha moja huku na ingine kule mulangoni..."

Mawimbi yakatoka huku na huku, yakakutana karibu na mguu wa meza. Mahali pamoja yakapanda, mahali pengine yakagongana na kuisha, na hapo maji yakatulia kabisa.

"Pale zinauana," alisema Hyacinthe, macho yanang'aa. "Hii inapanda, ile inashuka, inakuwa sifuri. Mutu mwenye anakaa pale hasikie besi hata kidogo. Kwa hiyo mimi nitaweka besi zote ine pamoja, mbele, chini ya ukuta wa madhabahu. Ukuta nao utazisukuma. Watu watasikia utukufu mpaka ndani ya mifupa."

"Na chakula ya mutoto," aliuliza Mwavita, "nayo inasaidiana ao inauana?"

Hyacinthe hakusikia. Alikuwa mtu mwema, hanywi, hapigi mtu, hana nyumba ndogo. Ulevi wake ulikuwa huo mmoja wa sauti. Akipita mahali pana muziki mbaya aliugua kabisa, akashika tumbo kama aliyekula sumu. Mwavita alimpenda kwa hilo siku za uchumba, na kwa muda wote wa ndoa alikuwa akijaribu kukumbuka ni kwa nini.

* * *

Kamati ilikutana ndani ya hekalu, watu wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Mwavita naye alikuwepo, kwa kuwa aliimba Korali Debora, korali ya akina mama, na kila korali ilitakiwa kuleta watu wake. Korali zilikuwa nne: Debora, Sayuni, Umuco walioimba Kirundi, na Vijana. Kila moja ilikuwa imetoa besi moja, sanduku refu linalomfika mtu kiunoni, jina la korali limeandikwa ubavuni kwa rangi isiyofutika. Katika kanisa lile kitu kisicho na jina kilihesabiwa kuwa hakikutolewa. Mabenchi yalikuwa na majina, feni zilikuwa na majina, na hata ile ndoo ya kumwagia maji chooni iliandikwa "Zawadi ya familia fulani, Zaburi 23".

Ampli mbili kubwa, zile za kuzipa besi nguvu, zilikuwa zimetolewa na mwenyekiti wa kamati, mzee Lukeba, mnunuzi wa mawese aliyejulikana hadi Kigwena. Kwanza alikuwa ametaka kutoa moja.

"Ampli moja haitoshi?" aliuliza siku ile.

"Haitoshi, Mzee," Hyacinthe alimjibu. "Ukibebesha lori ndogo mapipa yako yote na mulima iko mbele, lori inafanyaje?"

"Inaunguza injini."

"Na ampli ndogo ni vile. Inajikaza, inalia, kisha inaunguza bafle. Ampli inapaswa kuwa na nguvu inazidi, ili ifanye kazi inapumua."

Kwa lori Lukeba alielewa. Alitoa mbili, na jina lake likaandikwa kwenye zote mbili, kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa kuliko za jina la Yesu lililokuwa ukutani.

Ugumu ulikuja kwa kifaa kidogo. Hyacinthe alieleza kwamba besi zikikaa pamoja zinatupa sauti mbele na nyuma vilevile, kumbe kuna kijisanduku cha kuzipangia: moja unaigeuza iangalie nyuma, kijisanduku kinaichelewesha kidogo, na mawimbi ya nyuma yanauana yenyewe kwa yenyewe. Ni nani angekitoa?

Mama Speciosa, rais wa Korali Debora, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, aliinua mkono. "Kinatoa sauti gani?"

"Chenyewe hakitoe sauti, Mama Rais."

"Eh! Na ukubwa wake?"

"Kama Biblia hivi."

"Na kitakaa wapi?"

"Ndani ya kabati, nyuma ya ampli."

Mama Speciosa aliwageukia wenzake. "Tutoe kitu chenye hakisikike, hakionekane, na jina tutaandika kwa wapi?" Watu wakacheka, na kijisanduku kikafa pale pale, bila hata sala ya mwisho.

"Sasa pahali pa kuziweka," alisema Lukeba.

"Zote ine mbele, pamoja," alisema Hyacinthe.

Lo! Ilikuwa ni kama amesema korali zote ziolewe na mume mmoja. Mama Speciosa alisimama. Debora inakaa kushoto, kwa hiyo besi ya Debora itakaa kushoto. Sayuni wakasema yao ikae kulia, kwenye ngazi. Umuco wanaimbia rosheni, nao wakataka yao ipandishwe rosheni. Vijana wakaitaka yao mlangoni, ili watu wa barabarani waisikie na kuokoka. Besi ya Debora kukaa kifuani pa Sayuni, iwatetemeshee wao nyimbo zao kwa jasho la akina mama wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani? Haiwezekani! Hyacinthe alieleza habari za mawimbi, akaeleza kwamba waya ndefu inakula nguvu ya ampli, akaeleza tena. Mwavita alikaa kwenye mfuko wake wa saruji na kutazama kidole gumba cha mguu. Alikuwa mke wa fundi na mwimbaji wa Mama Speciosa, na siku kama hizo kidole gumba ndicho rafiki.

Mwishowe mchungaji, aliyependa amani kuliko ukweli, akasema zijaribiwe kwanza pamoja kama fundi alivyotaka, na baadaye Roho ataongoza.

* * *

Lukeba aliwaruhusu wahamie kabla ya siku ya kufungua, ili mitambo isikose mwangalizi. Walipandisha vitu vyao kwa mkokoteni, kuku juu kabisa kama kawaida yao. Mwavita alipoweka mguu kwenye saruji ile kavu alivua kandambili, akatembea peku toka chumba hadi chumba, akapiga magoti na kuishika sakafu kwa viganja. Hakujali nani anamwona. Schékinah aliwekwa chini, akaduwaa kidogo, akaondoka mbio kwa mikono na magoti hadi ukutani na kurudi, anacheka peke yake. Na Bibi Cikuru, aliyekuwa hajalala vizuri tangu maji yaje, alijilaza mchana na kukoroma bila kukohoa. Mwavita alimsikiliza na machozi yakamtoka. Kukoroma kwa mama mkwe! Ni nani angedhani ipo siku angekulilia kwa furaha?

Siku ya jaribio Mwavita alikuwa anapepeta mchele. Kwanza hakusikia kitu, aliona. Aliona mchele unatembea kwenye ungo. Kisha vikombe vikaanza kucheza rafuni, vikasogea kwa adabu hadi ukingoni, vikajitupa kimoja baada ya kingine. Kioo kikaanguka. Ukuta ukawa unamgonga mgongoni, du, du, du, na tumbo lake mwenyewe likaitikia kama halijui ni la nani. Schékinah alifungua mdomo kulia na kilio hakikusikika.

Bibi Cikuru alizaliwa upande wa Uvira, na matetemeko ya ardhi anayajua. Alitoka kitandani, Biblia mkono mmoja, kiatu kimoja mguuni, akapita mlangoni kwa kasi ambayo Mwavita hakuwa ameiona tangu amjue. Mwavita alimkuta ameketi chini ya mgomba, ameshika kifua, midomo imekauka.

"Inchi inapasuka," alisema kwa taabu. "Mwana yangu iko wapi? Iko ndani?"

Mwana wake alikuwa ndani, naam, na ndiye aliyekuwa akiipasua hiyo nchi. Muziki ukakatika. Hyacinthe akatokea mbio kwa mlango wa nyuma ya madhabahu, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha ya bwana harusi.

"Mumesikia?" alipiga kelele. "Mama Schékinah! Mumesikia ile besi?"

Mwavita alimtazama. Mkononi alishika mpini wa kikombe, kikombe chenyewe hakipo.

"Kidogo," alijibu.

* * *

Walizozana hadi wali ukaungua.

"Ni Jumapili tu," alisema Hyacinthe.

"Jumapili? Debora inarudilia nyimbo zake Jumanne. Sayuni Jumatano. Umuco Alhamisi. Vijana hawana siku, wanalala mule. Unataka tumulalishe mama yako chini ya mugomba kila siku?"

"Nitaweka godoro kwa ukuta."

"Godoro ya nani? Mwenye kulalia iko nani?"

"Atatia pamba kwa masikio."

"Na kwa moyo atatia nini?"

Mwavita alianza kuokota vipande vya vikombe, na alipokuwa ameinama hivyo, wazo likamjia. Lilimjia likiwa na sura ya kokwa za mawese. Kwa kweli lilimtisha kidogo, na ndiyo maana alilisema kwa sauti ya chini.

"Baba Schékinah. Siku ile ndani ya maji ulinifundisha. Zikikaa mbalimbali, zinauana."

"Ndiyo."

"Na ukuta yetu itatulia."

"Itatulia, maana hakuna tena besi ya kuisukuma..." Akakatiza. Alikuwa ameona anakopelekwa. "Hapana. Hapana, Mwavita."

"Waache korali wapeleke kila mumoja yake kwenye anataka. Wewe ukubali tu."

"Ule ni upumbavu!"

"Ni upumbavu wa korali ine, na kamati juu, na sala ndani. Wewe mutu mumoja unaupigania nini?"

"Watu watatoka Bujumbura," alisema Hyacinthe, na sauti yake ikaanza kukatika. "Watatoka Nyanza-Lac, watavuka toka Uvira. Wataingia katika hekalu kubwa vile, na muziki utakuwa ule wa simu. Watauliza, nani alipanga hii sono? Wataambiwa ni Hyacinthe. Maisha yangu yote nimengojea nyumba kubwa ya kupanga. Inakuja mara moja hii, na weye unaniambia niiharibu na mikono yangu?"

Mwavita alimhurumia. Alimhurumia sana, hadi akajichukia, na kwa kuwa hakujua kuhurumia bila kufoka, akafoka. "Masikio yako hayana kifua ya kukohoa!"

Labda angekataa. Watu wa sanaa ni wagumu, wako tayari familia ife njaa mradi wimbo usitoke kombo. Lakini wakati huo Bibi Cikuru alipita katikati yao, na kitenge chake kilikuwa kimefungwa furushi: Biblia, shuka, sufuria yake ndogo ya dawa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ninarudi kwa maji," alisema Bibi Cikuru. "Maji yananiua pole pole. Yana heshima."

Akaendelea kutembea. Alikuwa ameshafika mgombani pale Hyacinthe alipomkimbilia na kumshika furushi. Walilivuta furushi hilo wote wawili, mama na mwana, huku wanalia. Mwavita alibaki mlangoni na mtoto mgongoni, na hakuona kitu cha kucheka.

* * *

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Hyacinthe alisimama, akakohoa, akasema amefikiri tena na ameona kila korali ikae na besi yake. Alisema maneno hayo akiitazama ndoo ya Zaburi 23, iliyokuwa imeachwa pale na waliopiga deki.

"Haleluya!" Mama Speciosa alipiga kofi moja kubwa. "Munaona? Mungu anaweza kufundisha hata fundi."

"Unyenyekevu, ndugu zangu," alisema mchungaji. "Huu ndio unyenyekevu."

"Sasa ndiyo umekuwa fundi," alisema Lukeba, akampiga bega kwa upendo, mkono wake unanukia mawese. "Zamani ulikuwa na vitabu mingi."

Hyacinthe alisema murakoze, asante ya Kirundi. Alisema murakoze kwa kila mmoja, akazivuta besi kwa mikono yake mwenyewe, moja kushoto, moja kwenye ngazi, moja mlangoni, na ya Umuco ikapandishwa rosheni kwa kamba huku watu wakiimba. Waya zilitambaa hekalu zima, ndefu, zinakula nguvu ya zile ampli njiani. Usiku huo ukuta wa madhabahu ulikuwa kimya na Bibi Cikuru alilala.

Asubuhi ya kufungua, kabla ya watu, Hyacinthe aliwasha muziki na kutembea kati ya mabenchi, kiganja kifuani, anatafuta mahali ambapo besi inafia. Alipapata upesi. Ilifia mbele katikati, penye viti vya velveti vilivyofungwa utepe, mahali pa wageni wa heshima.

"Tusogeze viti hivi nyuma kidogo," alimwomba mama wa itifaki.

"Viti vya heshima havisogezwe," alijibiwa.

Watu walifika, wakajaa, wakamwagika hadi nje. Mwavita alikuwa kwenye safu za Debora, sare ya zambarau, macho kwa mumewe aliyekuwa nyuma ya meza ya mitambo. Debora waliimba na kuisikia besi yao wenyewe miguuni, wakafurahi mno. Sayuni waliisikia ya kwao. Umuco huko rosheni walitetemeka vizuri peke yao. Mlangoni wauza karanga walishika masikio. Na katikati, penye mabenchi ya wageni, muziki ulifika mkavu na mwembamba, bati tupu. Wageni walikuwa wanatazamana. Mzee Lukeba, katika kiti cha velveti cha katikati kabisa, alikunja uso, akagonga sikio lake kwa kidole, akainama kuwaambia jirani zake jambo. Mwavita alimwona Hyacinthe akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nyumba inakwenda, alijisemea. Nyumba inakwenda, na ni mimi niliyeipoteza.

Lukeba alisimama kutoa neno la kamati. Alipewa mikro. Aliwatazama watu safu kwa safu kwanza, kama wanavyofanya watu wenye mali.

"Ndugu zangu, amahoro," alisema. "Mimi nina presha. Daktari alinikataza makelele. Katika kanisa ya zamani besi ilikuwa inanipiga mpaka ninatoka nje, ninasingizia simu. Hizi ampli nilitoa na woga. Nilijua siku ya leo nitakufa." Watu wakacheka. "Leo nimekaa pale mbele, katikati. Nimeshangaa. Nimegonga sikio, nikajua labda sikio ndiyo imekufa. Lakini mahubiri nimesikia, neno kwa neno! Besi hakuna! Hii ndiyo sono ya watu wazima. Hyacinthe iko wapi? Simama wakuone!"

Hyacinthe alisimama. Vigelegele vilipasua bati. Mama Speciosa alirukaruka hadi kilemba kikafunguka.

"Nyumba ni yako," alisema Lukeba, "leo na siku zote. Na mimi ninajenga sale, ukumbi ya arusi, kule Bujumbura, kubwa kupita hii. Utanipangia vile vile. Usibadilishe kitu!"

Ilikuwa ni heshima ambayo Hyacinthe alikuwa ameiota tangu ujana wake. Aliipokea kichwa kimeinama, na watu wakasema, tazama, unyenyekevu tena.

Ibada ilipokwisha, kijana mmoja mwembamba alikuja kwenye meza ya mitambo. Alikuwa fundi wa sauti wa korali ya wageni kutoka Uvira. Aliitazama besi ya kushoto, akaitazama ya kwenye ngazi, akainua macho hadi rosheni, akageuka na kuitazama ya mlangoni. Mwavita, aliyekuwa anamletea mumewe fanta, alimwona kijana akimgeukia Hyacinthe na kumshika mkono kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mtu nje ya nyumba ya msiba.

"Pole sana, kaka," alisema kijana.

"Asante," alisema Hyacinthe.

Hilo tu. Mwavita alisimama na ile fanta hadi ikawa ya moto.

* * *

Tangu hapo wanaishi vizuri, tuseme ukweli. Schékinah anatembea. Kuku wamepewa banda lao, wameshuka cheo. Mawimbi yanaendelea kula nyumba za ufukweni, na ile ya zamani ya Mwavita imebaki ukuta mmoja wenye msumari wa kutundikia kalenda. Hyacinthe ametundikiwa cheti cha shukrani katika fremu, na watu wa makanisa mengine wanakuja kumwuliza siri yake.

Alasiri moja Sayuni walikuwa wakirudilia nyimbo zao, upande wa pili wa ukuta. Bibi Cikuru alikuwa kwenye mkeka, anachambua ndagala, kifua kimetulia. Mwavita aliingia na kumkuta mumewe amesimama karibu na ukuta wa madhabahu, kiganja kimebandikwa kwenye saruji, kichwa kimeinama, anangoja. Alingoja muda mrefu.

"Kuna kitu?" aliuliza Mwavita.

"Hakuna."

"Mwana yangu," alisema Bibi Cikuru bila kuinua macho kwenye ndagala zake, "muziki yako iko muzuri. Haisumbue mutu."

"Asante, Mama," alisema Hyacinthe. Akautoa mkono ukutani, akaupangusa kwenye suruali, akakaa chini kumsaidia kuchambua.